Kufuatilia mwonekano wa utafiti ukiwa Uganda: Altmetric, PlumX, Google Scholar, hazina ya chuo au mitandao yenyewe?

Makala yako imetoka mwezi uliopita. Mfadhili anauliza imewafikia watu wangapi. Kamati ya kupandisha vyeo inataka manukuu. Mkuu wa idara anatafuta namba moja nzuri ya kuweka kwenye ripoti ya mwaka, tena kabla ya Ijumaa. Hayo ni maswali matatu, na chombo kinachojibu moja mara nyingi hakina habari na mengine.

Zamani jibu lilikuwa manukuu tu. Shida ya manukuu ni kuchelewa: mtu akikusoma leo, mpaka aandike yake, wahakiki waipitie, irudi, irekebishwe, itoke, mwaka umekwisha na pengine wa pili umeanza. Vipimo mbadala, ambavyo wengi sasa huviita altimetriki, vilikuja kuziba pengo hilo kwa kuhesabu kutajwa magazetini, kwenye mitandao ya kijamii, Wikipedia na hati za sera. Jina lilishika baada ya ilani iliyotolewa Oktoba 2010 na Jason Priem, Dario Taraborelli, Paul Groth na Cameron Neylon. Tangu hapo vyombo vimeongezeka, na kila kimoja kina macho yake. Kipo kinacholiona gazeti la London kisilione Bukedde, na kipo kinachoiona tasnifu iliyohifadhiwa Gulu kisijue kama kuna mtu aliyewahi kuitaja hadharani.

Vigezo vya kulinganisha

Tumevipima vyombo vitano kwa maswali yaleyale. Kinahesabu nini: kutajwa, kufunguliwa, kupakuliwa au kunukuliwa? Haya hayafanani hata kidogo. Makala inaweza kupakuliwa mara elfu isinukuliwe hata mara moja. Kinadai nini kutoka kwako ndipo kikuone? Kinagharimu nini, kwa fedha na kwa bando? Huharibikia wapi? Na mwisho, kinamfaa nani?

Kigezo cha bando si mzaha. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018. PDF ya megabaiti 8 ikitumwa kwenye kundi la watu mia mbili, kila anayeifungua anailipia.

Kwanza: kitambulisho

Altmetric na PlumX, huduma mbili zinazokusanya vipimo hivi, hazisomi mawazo ya watu, hutafuta kitambulisho. Kwa makala ya jarida, kitambulisho hicho ni doi, ile namba inayoanza na 10. Majarida yaliyo kwenye AJOL (African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika), likiwemo African Health Sciences la Makerere, utayaona na doi zinazoanza na 10.4314. Unaposambaza makala, sambaza anwani kamili: https://doi.org/ ikifuatwa na doi yenyewe.

Makosa matatu huua ufuatiliaji kabla haujaanza. La kwanza ni kutuma PDF yenyewe: inasomwa, haihesabiwi popote. La pili ni kunakili anwani kutoka kwenye kivinjari ukiwa umeingia kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo njia ya kusoma majarida ya kulipia, au mfumo wa maktaba ya chuo. Anwani hiyo hubeba jina la seva ya katikati. Mwenzako akibofya anaombwa nywila, na chombo hakitambui ni makala ipi. La tatu ni kupiga picha ukurasa wa kwanza na kuirusha bila kiungo.

Je, kama kazi haina doi? Muhtasari wa sera, ripoti ya mradi au makala ya Kiswahili iliyotoka kwenye kitabu cha kongamano inaweza kuwekwa Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN tangu 2013, ambayo hutoa doi bure. Lakini usiipe doi ya pili makala iliyo nayo tayari. Zenodo hukuuliza kama kazi ina doi. Ukiwa nayo, iandike. Ukipuuza, nusu ya watu watataja hii, nusu ile, nawe utabaki na namba mbili dhaifu. Ndivyo inavyokuwa pia kwa nakala ya awali (isiyopitiwa bado na wahakiki) uliyoweka medRxiv: doi yake ni nyingine na hesabu yake ni nyingine.

1. Altmetric

Kinachohesabiwa. Kutajwa: habari, blogu, hati za sera, hataza, Wikipedia, X, Bluesky, Reddit, YouTube, na kurasa za wazi za Facebook. Vyote hukusanywa kwenye lile duara la rangi lenye namba katikati. Nyekundu ni habari, njano ni blogu, zambarau ni hati za sera. Namba ya katikati si idadi ya watu wala ya posti, ni jumla yenye mizani. Habari moja ina uzito wa 8, blogu 5, hati ya sera 3, Wikipedia 3 hata kama umetajwa kwenye kurasa kumi za kamusi elezo hiyo. Posti ya Facebook au Reddit ni robo tu. Wasomaji wa Mendeley, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeo, huonyeshwa pembeni lakini hawaingii kwenye alama.

Kinachodai. Doi au kitambulisho kama cha PubMed au arXiv, na kiungo ndani ya posti. Kuangalia bila kulipa: andika altmetric.com/details/doi/ kisha doi yako, au weka kwenye kivinjari cha kompyuta kile kitufe cha alamisho kinachotolewa bure, halafu ukibofye ukiwa kwenye ukurasa wa makala. Ukifunguka ukurasa, usiishie kwenye namba. Fungua orodha ya waliotaja, usome ni nani na alisema nini. Hapo ndipo penye thamani.

Gharama. Ukurasa wa makala mojamoja ni bure, na watafiti binafsi pamoja na hazina za vyuo (hifadhi zao za mtandaoni za tasnifu na makala) huweza kuweka duara kwenye kurasa zao bila kulipa. Jukwaa kubwa la kuchambua chuo kizima, Altmetric Explorer, ni la kulipia.

Kinachoharibika. Watu hudhani kurusha posti kumi kwa akaunti moja kutaipandisha alama. Haitapanda: mtu mmoja huhesabiwa mara moja kwa kila chanzo. LinkedIn haifuatiliwi. Akaunti binafsi za Facebook na makundi hayafuatiliwi. Magazetini hutafuta kiungo, au huchambua maandishi kwa kuoanisha jina la mwandishi, jarida na tarehe, na uchambuzi huo umejengwa juu ya Kiingereza. Kwa hiyo mwandishi wa habari anayeandika kwamba "watafiti wa Makerere wamegundua" bila kutaja jarida wala kuweka kiungo amekufanyia tangazo lisiloonekana. Dawa yake ni rahisi: katika taarifa unayowatumia waandishi wa habari, andika jina la jarida, majina kamili na anwani ya doi, na uwaombe waviache ndani ya habari ya mtandaoni.

Kosa kubwa zaidi ni kuisoma alama kama ubora. Makala ya 1998 ya Andrew Wakefield katika The Lancet kuhusu chanjo na usonji iliondolewa jaridani 2010, na watu hawajaacha kuitaja. Kutajwa ni kutajwa, hata kwa kulaaniwa. Na usilinganishe alama ya makala ya malaria na ya isimu ya Kiswahili. Ukurasa huohuo hukupa nafasi yako kati ya makala za umri uleule na za jarida lilelile, tumia hiyo.

Kinamfaa nani. Anayehitaji ushahidi wa mapema kwamba kazi imefika kwenye habari na sera za kimataifa, na mwenye makala za Kiingereza zenye doi. Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili atakuta duara tupu, na utupu huo hauna maana kwamba hasomwi.

2. PlumX

Kinachohesabiwa. Makundi matano: manukuu, matumizi (kufunguliwa na kupakuliwa), kuhifadhiwa (kama wasomaji wa Mendeley), kutajwa, na mitandao ya kijamii. Hakuna alama moja ya jumla, na wengi huona hilo ni udhaifu. Kwa maoni yetu ndiyo nguvu yake: huwezi kumdanganya mkuu wa idara kwa namba moja, wala yeye hawezi kukulazimisha uitoe.

Kinachodai. Doi tena. Andika plu.mx/plum/a/?doi= kisha doi yako. Utaikuta pia ndani ya Scopus (hifadhidata ya manukuu) na ScienceDirect (jukwaa la majarida), zote za Elsevier, kwa kuwa Plum Analytics ilinunuliwa na Elsevier 2017 kutoka EBSCO.

Gharama. Kuangalia makala moja ni bure. Jukwaa la taasisi hulipiwa.

Kinachoharibika. Namba ya Facebook huja kama jumla ya kupenda, kusambaza na kutoa maoni, bila kukuonyesha nani. Huwezi kuihakiki, basi usiijengee hoja. Takwimu za matumizi nazo zinategemea majukwaa yanayokubali kuzitoa: makala iliyosomwa sana kwenye hifadhidata za EBSCO itaonekana hai, na iliyosomwa zaidi kwenye tovuti ya jarida dogo itaonekana imelala. Kwa hiyo kulinganisha makala mbili za majarida mawili kwa kundi la matumizi ni sawa na kulinganisha mito miwili kwa kupima mmoja tu.

Kinamfaa nani. Timu ya mradi inayotaka kuonyesha hatua: watu wamefungua, wamehifadhi, baadaye wamenukuu. Kundi la kuhifadhiwa hasa linasema kitu, maana anayeweka makala kwenye Mendeley ana nia ya kurudi. Nalo pia ni la watu wenye kompyuta na mazoea ya kitaaluma. Mkunga wa kituo cha afya cha Kotido hayumo.

3. Google Scholar, na ResearchGate pembeni

Kinachohesabiwa. Manukuu, pamoja na h-index (ukiwa na 7, makala zako 7 zimenukuliwa angalau mara 7 kila moja) na i10-index (idadi ya makala zilizonukuliwa angalau mara 10). Si kipimo mbadala kwa maana kali, lakini ndicho ambacho kamati nyingi hukiomba, kwa hiyo hakiwezi kukosa hapa. Uzuri wake kwetu ni upana: kinaona AJOL, tasnifu zilizo kwenye hazina za vyuo, ripoti, na maandishi ya Kiswahili, bila kudai doi.

ResearchGate, mtandao wa kijamii wa watafiti, huhesabu "kusomwa", lakini kufungua ukurasa wenye ikisiri tu kunatosha kuhesabiwa. Ile RG Score iliyokuwa ikibandikwa kwenye wasifu iliondolewa 2022; ukiiona kwenye CV ya mtu leo, ujue hajaisafisha.

Kinachodai. Wasifu. Ingia kwa akaunti ya Google, ongeza barua pepe ya chuo yenye .ac.ug ili uthibitishwe, chagua makala zako mojamoja, fanya wasifu uwe wa wazi. Katika mpangilio wa masasisho, usiruhusu makala ziongezwe zenyewe. Chagua kuulizwa kwanza. "Okello J." ni wengi, na mfumo ukiachiwa utakupa makala za mtu wa fizikia ilhali wewe ni wa kilimo. Kamati ikigundua, utakayeulizwa ni wewe, si Google.

Gharama. Bure.

Kinachoharibika. Hapa wahariri wa majarida madogo wakae wasikie. Mwongozo wa Google Scholar unataka faili lisizidi megabaiti 5, maandishi yatafutike (si picha za skana), jina la makala liwe juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kuliko nyingine, na majina ya waandishi yafuate chini yake. Tasnifu iliyoskaniwa ikawa megabaiti 60 za picha tupu inaweza kukaa miaka kwenye hazina bila kuonekana. Na kuna hili la lugha: mwongozo huohuo unataka orodha ya marejeo ianze kwa kichwa cha kawaida, na mifano inayotolewa ni "References" na "Bibliography". Jarida la Kiswahili linaloandika "Marejeleo" peke yake lijaribu: chukua makala tano za toleo la mwaka jana, angalia kama kazi zilizotajwa humo zimepata nukuu zao. Kama hazikupata, weka kichwa cha lugha mbili.

Manukuu ya Google Scholar pia yanahesabu kujinukuu na tasnifu za wanafunzi wako mwenyewe. Si kosa, ila usishangae namba ya Scopus ikiwa ndogo zaidi.

Kuhusu ResearchGate, kabla ya kupakia PDF soma mkataba wa jarida. Elsevier na American Chemical Society waliishtaki kampuni hiyo kuanzia 2017, kesi zikamalizika kwa makubaliano 2023, na mafaili mengi yaliondolewa njiani.

Kinamfaa nani. Anayejaza fomu ya kupandishwa cheo, na anayeandika kwa Kiswahili au kwenye majarida ya ukanda huu. Hakimfai anayetakiwa kujibu "imefika wapi" miezi mitatu baada ya kuchapisha.

4. Takwimu za hazina ya chuo

Kinachohesabiwa. Kufunguliwa kwa ukurasa na kupakuliwa kwa faili, kwa mwezi na kwa nchi. Hazina nyingi za vyuo, ikiwemo ya Makerere, hutumia DSpace, programu ya kuendeshea hazina. Ukifungua kazi yako tafuta kiungo cha takwimu, utaona jumla, miezi ya karibuni, nchi na miji. Zenodo nayo huonyesha kufunguliwa na kupakuliwa hadharani.

Kinachodai. Kazi iwekwe hazinani, yaani nakala ambayo jarida linaruhusu, kwa kawaida ile iliyokubaliwa kabla ya kupangwa na mchapishaji. Mpe mkutubi faili, doi ya makala na namba yako ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16. Wengi humpa faili tu, kisha hulalamika kwamba kazi haipatikani.

Gharama. Kwako ni bure. Kwa chuo ni seva, umeme na mtu wa kuitunza.

Kinachoharibika. Roboti. Mfumo una orodha ya kuzichuja, lakini orodha isipohuishwa zinapita. Ukiona faili moja limepakuliwa mara elfu mbili usiku mmoja kutoka nchi moja isiyo na uhusiano na mada, usilisherehekee. Lakini pia usiamini kanuni inayosema upakuaji ukizidi ufunguaji basi ni roboti: anayetoka Google huangukia moja kwa moja kwenye PDF bila kupita ukurasa wa ikisiri, na huyo ni msomaji halali.

Nchi nazo zinadanganya. Msomaji wa Hoima aliyewasha VPN ataandikwa Uholanzi au Marekani, na wa simu mara nyingi ataandikwa Kampala hata akiwa Arua. Ukitaka kusema "tumesomwa wilayani", ramani ya hazina haitoshi.

La mwisho linauma: mfumo ukihamishiwa toleo jipya bila kumbukumbu za takwimu kuhamishwa pamoja nao, hesabu hurudi sifuri. Basi kila mwisho wa mwezi piga picha ya skrini ya ukurasa wa takwimu, uihifadhi kwa jina lenye tarehe.

Kinamfaa nani. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, ambaye tasnifu yake ndiyo chapisho lake pekee; kitivo kinachotaka kuona kazi zake zote mahali pamoja; na yeyote ambaye wasomaji wake hawana uwezo wa kulipia jarida.

5. Takwimu za mitandao yenyewe

Kinachohesabiwa. Kila mtandao hujihesabia. X huonyesha kwenye kila posti idadi ya mara ilipoonekana, tangu Desemba 2022. Takwimu za kina zimebaki kwa wanaolipia tangu 2024. Kuonekana maana yake ni kupita kwenye skrini, si kusomwa. LinkedIn inakwenda mbele zaidi bila malipo: hukuonyesha vyeo, taasisi na mahali pa waliofikiwa. Kwa mtafiti anayetaka kujua kama maafisa wa wizara na mashirika ya Kampala wameiona kazi yake, jedwali hilo dogo lina faida kuliko duara lolote la rangi, na Altmetric hailioni kabisa. YouTube hukuambia watu walitazama kwa muda gani na waliondokea dakika ipi.

Facebook ina hadithi yake Uganda. Serikali iliifunga Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo wengi huingia kwa VPN. Ukurasa wa mradi utakuonyesha wafuasi wa nchi za ajabu. Ni majirani zako wenye VPN. Takwimu za mahali kwenye Facebook ya Uganda zisiingie kwenye ripoti yoyote.

Halafu WhatsApp, ambako ndiko utafiti unakozunguka hasa. Hakuna chombo cha nje kinachoona ndani. Kwenye kundi unaweza kubonyeza ujumbe wako kwa muda, ukafungua maelezo yake na kuona waliousoma. Ukishasambazwa kwingine umepotea. Njia inayofanya kazi ni kiungo kifupi kinachohesabu mabofyo, kama cha Bitly. Tengeneza kimoja kwa kila kundi: hiki cha maafisa ugani wa Mbale, hiki cha wauguzi wa Lira, hiki cha wanachama wa chama cha walimu. Baada ya wiki utajua kundi lipi linabofya na lipi linajibu "asante sana kwa taarifa" bila kufungua.

Kinachodai. Nidhamu. Kwenye X na Bluesky weka anwani ya doi wazi, ili Altmetric ikuone. Kwenye WhatsApp weka kiungo kifupi peke yake, kwa sababu ukiweka vyote viwili watu watabofya kile usichokihesabu. Nyongeza ya mistari minne ya Kiswahili au Kiluganda inayosema matokeo ni nini huwasaidia hata wasiobofya.

Gharama. Bure kwa kiasi. Toleo la bure la Bitly lina kikomo cha viungo kwa mwezi. Gharama ya kweli ni saa zako.

Kinachoharibika. Bofyo la kwanza huenda ni simu yako mwenyewe ikiandaa kile kipicha cha muhtasari wa kiungo, punguza moja. Akaunti ya mradi ikifungwa mkataba wa afisa mawasiliano unapokwisha, takwimu zote huondoka na nywila. Na mtandao wowote unaweza kubadilisha masharti kesho yake, kama X ilivyofanya.

Kinamfaa nani. Miradi ya afya, kilimo na elimu ambayo wasomaji wake ni watendaji, si wanazuoni.

Kitu ambacho vyote havioni

Redio. Nusu saa kwenye kituo cha FM cha Runyankore au Acholi inaweza kuwafikia wakulima wengi kuliko posti zako zote za mwaka, na hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivi kitakachoiandika. Fungua daftari au jedwali lenye safu saba: tarehe, kituo, kipindi, lugha, dakika, doi ya kazi iliyozungumzwa, na ushahidi (rekodi ya sauti au barua ya kituo). Mwisho wa kila mahojiano omba rekodi siku hiyohiyo. Ukirudi baada ya miezi sita utaambiwa imefutwa.

Uchague vipi

Ukijaza fomu ya cheo. Anza na Google Scholar iliyosafishwa. Kama kamati inakubali maelezo ya mchango kwa jamii, ongeza kutajwa viwili au vitatu kutoka Altmetric, lakini andika nani alitaja na wapi, si alama ya jumla. Azimio la San Francisco la DORA, lililotangazwa 2013, linapinga kumpima mtafiti kwa namba ya jarida. Namba ya duara ikitumika vivyo hivyo ni kosa lilelile lenye rangi.

Ukiripoti kwa mfadhili. Miezi sita ya kwanza: orodha ya Altmetric, jedwali la LinkedIn, viungo vifupi na daftari la redio. Baada ya mwaka ongeza PlumX, maana hapo safu ya kuhifadhiwa na ya manukuu zimeanza kujaa. Chukua vipimo siku ileile ya kila robo mwaka.

Ukiwa mhariri wa jarida dogo. Usinunue jukwaa lolote kwanza. Pata doi: Crossref, shirika linalosajili doi, ina mpango wa GEM tangu Januari 2023 unaoyaondolea ada mashirika ya nchi zenye kipato cha chini zaidi, uliza kama nawe umo. Panga PDF kama Google Scholar inavyotaka. Baada ya hapo takwimu za tovuti yenu na Google Scholar vinatosha kwa mwaka mzima.

Ukiwa mkutubi. Hazina ndiyo shamba lako. Weka duara la bure la Altmetric kwenye kurasa za kazi zenye doi, huisha orodha ya roboti, na mpe kila mkuu wa idara ukurasa mmoja kwa muhula badala ya nywila ya mfumo asioutumia.

Ukiwa mwanafunzi wa uzamili. Tasnifu hazinani ikiwa na maandishi yanayotafutika, ORCID, wasifu wa Google Scholar. Dakika arobaini na tano, imekwisha. Altmetric isubiri makala ya kwanza.

Ukiandika kwa Kiswahili. Google Scholar na hazina, pamoja na Zenodo kwa kazi zisizo na doi. Weka ikisiri ya Kiingereza chini ya ile ya Kiswahili ili utafutaji wa nje ukukute. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ni wakati mzuri wa kusambaza, kwa sababu hashitegi huwa hai na waandishi wa habari wanatafuta cha kuandika. Chukua namba tarehe 6, kisha tarehe 14, uone tofauti.

Popote utakapochagua, kando ya kila namba andika jina la chombo na tarehe uliyoichukua. Namba hizi hupanda, na nyingine hushuka: posti hufutwa, akaunti hufungwa, roboti huchujwa. Mkaguzi akifungua ukurasa uleule mwaka kesho akakuta namba tofauti, tarehe ndiyo itakayokutetea.